Helena na Njia ya Kiboko

Helena alikunja khanga ya mwisho, akaisukumiza ndani ya begi, kisha akamwambia mumewe neno ambalo mzee wa watu hakulitarajia.

"Simba utamwangalia wewe. Mimi naenda kumwona kiboko."

Nkuba alikuwa ameinama akifunga kamba za viatu vyake vya kanisani. Alibaki vilevile, ameinama, kama mtu aliyeshikwa kiuno.

"Kiboko yupi, Mama Yunisi?"

"Yeyote. Ilimradi awe kiboko."

"Wewe ambaye ukisikia tu akitajwa kikombe kinakuponyoka?"

"Ndiyo maana naenda."

Nkuba alimaliza kamba zake, akachukua fimbo yake nyuma ya mlango, na kabla Helena hajalishika lile begi alikuwa ameshalitia begani. Ndivyo alivyokuwa Nkuba. Maneno yakimwishia, mikono inaendelea.

Waliolima mpunga huko Ubaruku hawahitaji kuelezwa. Mpunga ukianza kutia maziwa, ndege hawana subira, na mwenye shamba lazima awe amefika kwenye majaruba kabla jua halijachomoza, apige debe, arushe udongo, apaze sauti mpaka imkauke. Kazi hiyo huitwa kuamia, na Helena alikuwa ameifanya kila msimu tangu walipohama na ng'ombe wao kutoka Bariadi, wakati huo Yunisi akiwa bado mgongoni. Ng'ombe walikuwa wa Nkuba. Mpunga ulikuwa wa Helena. Hakuna aliyeingilia la mwenzake, na nyumba ilikaa kwa amani.

Basi msimu uliopita, asubuhi moja ya ukungu, alikuta kitu kikubwa cheusi kimesimama katikati ya mpunga kinakula. Helena akafanya kama alivyozoea kufanya kwa chochote kinachokula mpunga wake. Alipanda kwenye tuta la upande wa mtoni, akapiga debe, akapiga kelele. Yule kiboko akageuka, akamjia. Nani angedhani mnyama mnene vile anaweza kukimbia vile? Helena alijitupa kwenye mfereji wa maji, akasikia ardhi ikitetemeka karibu na kichwa chake, na alipoinuka mkono ulikuwa umeteguka na mdomo umejaa tope.

Jirani yake Saulo ndiye aliyemkuta. Alimpakia kwenye pikipiki akamfikisha zahanati, na tangu siku ile mpaka mavuno akawa anaamia shamba lake na la Helena pia, bila kuombwa. Helena hakulisahau hilo.

Mkono ulipona. Miguu ndiyo iliyokataa. Mwaka huu alipanda mpunga vizuri tu, kwa kuwa kupanda ni kazi ya mchana na watu huwa wengi. Lakini alfajiri, akiwa peke yake, akifika mwanzo wa tuta magoti yanalegea, na anarudi nyumbani analia. Sasa mpunga ulikuwa umechanua. Kutoka mjini, Mwanjelwa, binti yao Yunisi alikuwa anapiga simu kila mara: "Mama, njoo ukae na mimi dukani. Kazi yako itakuwa kukaa kwenye kiti na kuuza vitenge." Na Saulo alikuwa amekuja kwa adabu zake zote, kofia mkononi, kuuliza kama angeweza kulikodi shamba, aamie mpunga ule na kuendelea nalo miaka ijayo. Nkuba akamwambia atampa jibu Jumatatu, wakisharudi kutoka safarini.

Safari yenyewe ilikuwa wazo la Yunisi na baba yake. Twende Ruaha tukaangalie wanyama, mama apumzishe akili. Wote walimtakia mema, Helena aliliona hilo. Lakini alijiona kama mtu anayebebwa kwa mikono laini kutolewa nje ya nyumba yake mwenyewe. Akaazimia kwamba kabla Jumatatu haijafika, atamtazama kiboko machoni. Akishindwa, ataenda kukaa kwenye kile kiti cha Mwanjelwa, na hatamlaumu mtu.

Iringa iliwapokea kwa baridi ya mwezi wa tano. Dereva wao, kijana wa Kihehe aitwaye Ambrosi, aliwasalimu "kamwene" kwa kuinama kidogo, kisha akaenda nyuma ya gari akarudi na blanketi.

"Mama, gari langu liko wazi pembeni. Jifunike. Upepo wa njiani hauna adabu."

"Ahsante, mwanangu."

"Na mimi?" Nkuba akauliza.

"Wewe mzee jifunike na hiyo fimbo."

Walicheka, na safari ikaanza vizuri. Ndani ya hifadhi waliona twiga wakivuka barabara kama watu wasio na haraka ya popote. Waliona familia ya tembo, mtoto akiwa katikati ya miguu ya mama zake. Walipofika kwenye kundi la nyati Nkuba alisimama ndani ya gari, akasahau kila kitu.

"Tazama yule dume. Tazama shingo ile! Mama Yunisi, kundi hili lingekuwa langu…"

"Mzee," Ambrosi akamkatiza, "usianze kupanga mahari. Hao wana mwenyewe."

"Nawaangalia tu."

"Msukuma haangalii tu. Hapo umeshawagawia wajukuu."

Helena alicheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya khanga. Kisha Ambrosi alikata kona, gari likateremka kuelekea mtoni, na kicheko kikamkauka.

Walikuwa chini pale, kwenye dimbwi pana la Ruaha. Migongo tu, kama mawe yaliyooshwa. Jiwe moja likapumua, maji yakaruka. Helena akajifunika uso mzima kwa blanketi. Alisikia meno yake yakigongana. Alinusa tope la mfereji ule wa Ubaruku kana kwamba limo puani hadi leo.

"Turudi nyuma kidogo?" Ambrosi akauliza polepole.

Wakati uleule simu yake ikalia. Dereva mwenzake alikuwa anamjulisha kwamba kuna simba dume amelala chini ya mti, karibu kabisa na barabara, wawahi kabla hajaondoka. Ambrosi akamtazama Nkuba. Kila mtu ndani ya gari lile alijua kwamba Nkuba, ambaye ujanani alikesha mara nyingi akilinda ndama, alikuwa amekuja kwa ajili ya simba. Hakuwahi kumwona mchana, ametulia. Alikuwa amemwona gizani tu, macho mawili na mngurumo.

"Twendeni kwa simba," Nkuba alisema. "Mama apumzike na hawa."

"Hapana," ilisema sauti ndani ya blanketi.

"Mama Yunisi, unatetemeka."

"Natetemeka, ndiyo. Nitatetemekea hapahapa."

Hifadhini hakuna anayeruhusiwa kushuka garini, kwa hiyo akibaki yeye wanabaki wote. Aliijua gharama ya neno lake. Alimsikia Nkuba akishusha pumzi ndefu. Kisha akasikia kifuniko cha chupa ya chai kikifunguliwa, na kikombe cha moto kikawekwa taratibu kwenye mikono yake chini ya blanketi.

"Zima gari, Ambrosi," Nkuba alisema. "Simba ni paka tu mkubwa."

Wakakaa. Kwanza Helena alitazama kwa jicho moja, kupitia tundu la blanketi. Kisha kwa yote mawili. Mawingu yalikuwa yamefunika jua. Kiboko mmoja jike, mtoto wake ubavuni, akatoka majini, akapanda ukingoni na kuanza kula majani, mbali na gari lakini si mbali kama Helena alivyotaka. Alikula kama mama mwenye njaa anavyokula, bila kuinua kichwa. Mtoto alimfuata nyuma, akijikwaa. Ngiri mmoja naye alikuwa anachimbua mizizi yake pale karibu, pembeni kidogo.

Mara gari jingine likaja kwa kasi upande wa juu, likafunga breki, vumbi likatimka, mtu akacheka kwa sauti kubwa.

Kiboko akashtuka na kukimbia, mtoto mbele yake. Zilikuwa ni mbio zilezile, ardhi ileile inayotetemeka. Helena alimshika Nkuba mkono, akambana kucha. Lakini hakufumba macho. Aliwaona wakiteremka kwenye njia iliyochimbika ukingoni, njia nyembamba iliyokanyagwa mpaka ikawa kama mfereji, wakampita yule ngiri karibu kabisa bila hata kumgeuzia shingo, wakaingia majini. Ngiri aliinua pua, akaona yamekwisha, akarudi kwenye mizizi yake.

Helena aliitazama njia ile mpaka chai ikapoa.

"Hakuwa ananifuata mimi," alisema mwishowe.

"Nani?"

"Yule wa kwetu. Alikuwa anafuata maji. Mimi nilipanda tuta la mtoni, Baba Yunisi. Nilimsimamia mlangoni kwake nikampigia debe. Angepita wapi?"

Nkuba aliwaza, akaitikia kwa kichwa. "Sasa umejua."

"Kichwa kimejua. Magoti bado."

Walilala kwenye mabanda ya wageni kando ya mto. Jioni mlinzi wa hifadhi, mama mmoja mwenye sauti ya upole aitwaye Esta, aliwaonyesha mahali majani yalipolala mbele ya baraza. "Hapa viboko wanapita wakirudi mtoni asubuhi," alisema. "Kaeni barazani tu, mtawaona. Msishuke."

Kwa hiyo kulipoanza kupambazuka Helena alikuwa ameshakaa barazani, amejifunga khanga mbili, mgongo ameuegemeza ukutani. Nkuba alikaa pembeni yake na fimbo magotini. Mto ulikuwa unafuka ukungu, na ukungu ule ndio uliomtisha zaidi kuliko chochote. Ulifanana mno na wa siku ile.

Kikasikika kishindo cha miguu. Kitu cheusi kikajitokeza kutoka kwenye vichaka, kikija polepole. Helena akatoa sauti ndogo, kama ya mtoto. Hakuikusudia.

Sauti ile ndiyo iliyomponza Nkuba. Maisha yake yote, dume la ng'ombe likimjia mtu, yeye hufanya jambo moja. Anasimama mbele yake, anainua fimbo, anaita kwa sauti tulivu, na dume linasimama. Halikuwahi kushindikana. Kabla Helena hajamzuia, mzee alikuwa ameshuka barazani, amesimama katikati ya majani yale yaliyolala, mgongo wake mtoni, fimbo juu.

"Hoo," akaita. "Hoo, baba. Tulia."

Kiboko akasimama. Akainua kichwa. Akafungua mdomo, na hata katika mwanga ule hafifu Helena aliyaona meno.

"Dume litasimama," Nkuba alisema bila kugeuka, lakini sauti yake haikuwa na uhakika tena.

Helena aliyatazama magoti yake. Yalikuwa yanacheza. Akasimama juu yake hivyohivyo yakicheza, akashuka ngazi. Alikwenda pembeni, penye mti, kisha akamkaribia mumewe kutoka ubavuni, akamkamata shati mgongoni kama anavyomkamata mjukuu anayekaribia kisima.

"Toka mlangoni kwake," alimnong'oneza. "Huyu si ng'ombe. Anataka kwenda nyumbani. Toka!"

Alimvuta. Nkuba, ambaye ni mrefu kumpita kwa kichwa kizima, akavutika. Walirudi kinyumenyume mpaka nyuma ya mti, wakashikana. Kiboko alibaki ameelekea pale Nkuba alipokuwa. Kisha akafunga mdomo, akaja. Alipita mbele yao, karibu kiasi kwamba walimsikia akipumua na kusikia majani yakikwaruza tumbo lake. Hakuwatazama. Aliteremka ukingoni, na maji yakampokea.

Esta alikuja mbio, kofia mkononi, bunduki begani. Alipowaona wazima, hasira na shukrani zikagombana usoni mwake.

"Babu! Nilisema nini jana?"

"Ulisema tusishuke."

"Na wewe?"

"Nimeshuka," Nkuba alikiri, kama mtoto wa shule.

Esta aliwaangalia wote wawili, kisha akamwona Helena anavyotetemeka. Akaacha kugomba. Alivua koti lake zito akamvika mabegani, akakaa naye kwenye ngazi, akamshika mkono bila kuuliza kitu mpaka kutetemeka kulipopungua.

"Mama, ulijuaje pa kumpitia?" aliuliza baadaye.

"Pembeni. Ngiri alikuwa pembeni," Helena alijibu. Esta hakuelewa, lakini aliitikia kwa kichwa.

Nkuba alikuwa amekaa chini kwenye majani, fimbo imelala pembeni. Alikohoa. "Mama Yunisi, nilimwahidi Saulo jibu Jumatatu."

"Lete simu."

"Nitaongea naye mimi tukifika…"

"Shamba ni la nani?"

Nkuba akampa simu.

Saulo alipokea kwa sauti ya mtu aliyeko shambani. Helena alimsalimu, akamwuliza habari za mke na watoto, akamshukuru tena kwa pikipiki na kwa kuamia mwaka jana, maana shukrani ile hakuwahi kuona kama imetosha. Kisha akamwambia.

"Shamba silikodishi, mwanangu. Usinielewe vibaya. Naamia mwenyewe."

Sauti ya Saulo haikuwa na kinyongo, ilikuwa na wasiwasi. "Mama, na yule mnyama?"

"Yule tutamwachia nafasi. Dungu langu la kukalia nikiamia nalihamishia upande wa barabara, mbali na mto. Na ukanda wa mwisho, pale anapokanyaga kila mwaka, sitaupanda tena. Hata wewe usiupande upande wako. Apite."

"Mpunga wote ule, mama?"

"Ni kidogo. Si tunaupoteza hata hivyo?"

Saulo alicheka. Kisha akasema, kwa ile adabu yake, "Basi Jumanne nije nikupitie alfajiri. Tuongozane siku za kwanza, mpaka utakapozoea."

Helena aliutazama mto. Ukungu ulikuwa bado haujainuka, na magoti yake, akiyashika kwa mkono, bado yalikuwa na mtetemo mdogo. Hakuona haya.

"Nipitie," alisema. "Lakini tukifika kwenye tuta, natangulia mimi."