Arobaini ya Radko

Siku ya mazishi, nikitafuta kwenye simu ya mume wangu Radko picha ya tangazo la msiba la kubandika mlangoni, nilifuta video zake zote kwa bahati mbaya. Kabla sijazirudisha, mama mkwe akaninyang'anya simu, akaifungia kabatini.

"Cha marehemu hakiguswi mpaka arobaini! Kwenu hamkufunzwa?"

Ningefanyaje? Ningemwambia nimezifuta video za mwanawe?

Leo, baada ya kugawa makaburini ngano ya kuchemsha, desturi yetu ya arobaini, nimeitoa simu kabatini nikakimbia kwa fundi simu Zlatko, hapa Plovdiv.

"Zilizofutwa hukaa kwenye pipa la simu siku thelathini tu, dada. Zikipita, simu inazitupa yenyewe. Ulikuwa wapi?"

Nimerudi nikamkuta mama mkwe mlangoni, miwani tayari usoni.

"Haya, arobaini imeisha. Niwekee ile video anachoma pilipili, nimsikie mwanangu akicheka."