Taa za Ambrosi

Ambrosi alileta gari gereji akilalamika kwamba taa zinafifia kama kibatari, njia ya Mitole haionekani usiku. Nikamfungia rilei na nyaya nene, umeme utoke moja kwa moja kwenye betri. Zikawaka kama jua. Nilipotaka kuziinamisha zisiwapige watu machoni, akanifokea, "Mimi nione! Wengine shauri yao!" Nami, mpumbavu mkubwa, nikafunga boneti.

Leo tumemzika dada yangu Dativa, aliyegongwa na gari hilo akiwa kwenye baiskeli. Ambrosi akanifuata makaburini kuomba radhi. Nikamuuliza kama hakumwona.

"Nilimwona vizuri sana, fundi, tangu mbali. Alikuwa amejiziba macho kwa mkono, akanijia moja kwa moja."