Jibu la Swali la Kumi na Nne

Hakuna injinia wa meli pale bandari ya Chattogram aliyethubutu kwenda kwenye mtihani wa mdomo bila kabrasha la Mzee Shukur. Duka lake la fotokopi lilitazamana na ofisi ya watahini katika mtaa wa Agrabad, na desturi ilikuwa hii: ukitoka kwa mtahini, uwe umefaulu au umeanguka, huendi nyumbani kwanza. Unavuka barabara jasho halijakauka, unapewa chai ya maziwa na singara mbili za bure, yaani sambusa za viazi, na unamsimulia Shukur kila swali uliloulizwa na kila jibu lililomfurahisha mtahini. Shukur anaandika. Wiki ya pili kabrasha limenenepa, na wanaokuja nyuma yako wanakariri.

Enamul Bhuiyan alikuwa amelikariri lote isipokuwa swali moja. Hakuwa mvivu, wala hakuwa mgeni wa kazi. Alikuwa injinia wa pili, miaka kumi na minne baharini, na katika mtihani huu alishaanguka mara mbili kwa mambo madogo ya kipuuzi. Safari hii kampuni ilimwambia bila kuzunguka: ukirudi na cheti, meli mpya ni yako, wewe ndiye injinia mkuu, ukirudi mikono mitupu, yupo mwingine anangoja. Hata hivyo kila alipofika swali la kumi na nne alilifunga kabrasha kwa hasira na kwenda kunawa uso.

Kabrasha lilisema hivi: "Kengele ya ukungu wa mafuta ililia melini, injini ikazimwa. Dakika kumi na moja baadaye mlango wa tumbo la injini ukafunguliwa, hewa ikaingia, moto ukalipuka, fundi mmoja akafa. Kosa la nani? Jibu: la fundi. Alifungua kwa ujinga wake, bila kuagizwa. Mheshimiwa Talukdar analipenda sana swali hili. Usiongeze neno."

Fundi mmoja! Kana kwamba hakuwa na jina. Alikuwa Moksed Ali wa kisiwa cha Sandwip, mtu wa miraba minne aliyeficha samaki wakavu chini ya kitanda na kuapa kwamba harufu ile inatoka kwa nahodha. Miaka kumi nyuma Enamul alikuwa injinia wa nne katika meli hiyo, na siku ya ajali alisimama hatua sita kutoka kwenye ule mlango. Alimsikia injinia mkuu wao, aliyehofia meli isije ikapoteza zamu ya kuingia bandarini, akifoka, "Fungua!" Alimsikia Moksed akijibu, "Mkuu, bado ina moto. Tungoje nusu saa." Akaambiwa kama anaogopa akavae sari. Ndipo akafungua.

Kesho yake asubuhi injinia mkuu alimwita Enamul chumbani kwake, kwa sababu ndiye aliyekuwa na mwandiko mzuri kuliko wote melini. Ukurasa wa daftari la injini ulikuwa umeshachanwa. Enamul akasomewa maneno mapya, akayaandika, herufi zimenyooka vizuri kabisa. Gundi ilikuwa imekwisha, wakaubandika ukurasa mpya kwa wali uliopondwa. Alikuwa na miaka ishirini na minne, na alijiambia kwamba yeye ni mdogo, anaandika tu anachoambiwa.

Baadaye Talukdar, mtahini huyuhuyu, akaja kuichunguza ajali. Hakushuka chumba cha injini hata mara moja. Alikaa kwa nahodha akanywa chai, akausoma ule ukurasa, akaondoka. Kule Sandwip mke wa Moksed akaletewa habari kwamba mumewe alijiua kwa ujinga wake. Na kwa miaka kumi tangu hapo, kila aliyetaka cheo katika mji ule alilazimika kuukariri ujinga huo kwa sauti mbele ya meza. Enamul alipolifikiria jambo hili, aliyemchukia kwanza kabisa ni yeye mwenyewe.

Asubuhi ya mtihani, kwenye benchi la korido, Ripon Dewan, mtahiniwa mwenzake aliyekuwa na zamu ya mchana, alimtazama kuanzia viatuni.

"Kaka Enamul, umependeza! Unaoa au unatahiniwa?"

"Nyamaza, Ripon. Tumbo linaniuma."

"Tumbo la injini au lako? Ukiulizwa kumi na nne unakuwa kasuku tu. Fundi, ujinga, hakuagizwa. Basi, umekuwa mkuu, utatusahau."

Akaitwa ndani.

Mheshimiwa Talukdar alikuwa na kijaluba cha tambuu mkononi na feni inayolalamika juu ya kichwa. Kwa saa nzima alimkamua Enamul: boila, pampu, usukani, maji machafu ya meli, sheria za nchi nne. Enamul alijibu yote, tena mengine kwa undani kuliko kabrasha. Mzee akaanza kutabasamu. Akaikunja tambuu, akaiweka shavuni.

"Vizuri sana. Limebaki moja, uende ukanunue peremende za kugawa. Kengele ya ukungu wa mafuta imelia, injini imezimwa, fundi amefungua mlango mapema, amekufa. Kosa la nani?"

Enamul aliiona meli mpya, akauona na ule mlango.

"La injinia mkuu, mheshimiwa. Ndiye aliyemwagiza."

Talukdar aliacha kutafuna. "Umechanganya. Rudia."

"Sijachanganya. Jina lake Moksed Ali. Alisema tungoje nusu saa, akatukanwa."

"Kijana, kesi hiyo niliichunguza mimi! Daftari nililisoma kwa macho yangu haya!"

"Ulilisoma, mheshimiwa, lakini niliyeliandika ni mimi. Ukurasa wa arobaini na mbili ulibandikwa kwa wali. Punje moja ilibaki pembeni, imekauka, hata kidole kingeihisi. Hukuiona?"

Uso wa mzee ulibadilika, na Enamul akaelewa, kwa ghadhabu ambayo hakuwahi kuijua maishani, kwamba ile punje aliiona.

"Una mke?" Talukdar aliuliza taratibu.

"Ninaye."

"Basi mfikirie. Umejibu mtihani vizuri kuliko wote niliowasikia mwaka huu. Nauliza mara ya mwisho, na ya nyuma sikuyasikia. Kosa la nani?"

"La aliyeagiza. Na langu niliyeandika. Na lako uliyeona ukanyamaza!"

Talukdar akavuta fomu, akaandika mstari mmoja, akaigeuza ili Enamul asome: *Mtahiniwa haelewi taratibu za usalama.*

Enamul alivuka barabara. Dukani alimkuta Ripon akipitia kabrasha kwa mara ya mwisho, na Mzee Shukur kalamu tayari.

"Enhe, mwanangu, kumi na nne kaliuliza?"

"Kaliuliza. Andika: fundi aliagizwa."

Shukur aliiweka kalamu chini. "Jibu hilo limekufaulisha?"

"Limeniangusha."

"Sasa niliandike la nini? Watu wanakuja hapa kutafuta vyeti. Mimi mzee wa watu, naandika tu ninachoambiwa."

"Na mimi nilisema hivyohivyo, ami."

Akalivuta kabrasha, lile la asili ambamo nakala zote hutolewa. Akalikata jibu la kumi na nne kwa mistari miwili, na chini yake akaandika kwa mwandiko wake uleule wa kusifiwa: *Moksed Ali wa Sandwip aliagizwa. Alisema tungoje nusu saa. Daftari la meli linasema uongo, na aliyeuandika ni mimi, Enamul Bhuiyan.* Akatia sahihi na tarehe.

Ripon alisoma begani kwake. Mzaha wote ulimtoka, akapiga meza kwa kiganja.

"Kaka, umeniua! Saa nane naingia mle. Sasa nikiulizwa nitajibu nini?"

Enamul alichukua singara yake ya bure, akakaa.

"Asubuhi ulikuwa hujui," alisema. "Sasa unajua."