Cheche za Gari la Bububu

Mkasi ulikuwa umeshapita Lila alipogundua kwamba ukingo wa tundu haukuwa mweusi.

Alilisogeza koti dirishani. Lilikuwa la sufu ya kijivu, mali ya mteja wa Kiingereza, na juu ya mfuko palikuwa na tundu dogo kama punje ya mtama. Sasa lilikuwa kubwa kama punje ya hindi. Nondo ndiye aliyelila, si moto, na tundu la nondo halikatwi.

Mikono ndiyo iliyomponza. Ilifunzwa kazi Unguja, Darajani, enzi gari la moshi la Bububu likipita karibu na nyumba hata waliokaa barazani wakavuta miguu. Injini ilitema cheche, abiria wakashuka na kanzu zilizotobokatoboka, wakampelekea mama yake azitililie, azibe matundu kwa uzi. Somo la kwanza la mama lilikuwa hilo: ondoa kwanza kilichoungua, kwani uzi haushiki kwenye majivu. Reli iling'olewa, mama akafa, mapinduzi yakamtupa Lila London. Mikono haikuambiwa.

Balwinder, mwenye duka la dobi, alikuja kutazama. Yeye alitoka Nairobi. Kipunjabi chake Lila hakukijua, wala yeye hakujua Kigujarati cha Lila, kwa hiyo walielewana kwa Kiswahili. Koti hilo lilikuwa jaribio la kumpa Lila kazi. Lila akishindwa, Jumapili mwanawe Kailash angekuja kumhamishia mji mwingine, Leicester, akalale sebuleni kwa mkwewe, na chumba chake cha Thornton Heath, chenye ufunguo wake mwenyewe, kingepata mtu mwingine.

"Mama, mimi nilisema ziba tundu," alisema Balwinder. "Wewe umechimba kisima."

"Nimekosea, baba. Nilidhani limeungua."

"Nani wa kulichoma?"

"Gari la moshi."

Balwinder alichungulia reli iliyopita nyuma ya duka, akacheka mpaka akashika kilemba. "Moshi gani? Haya yanakwenda kwa umeme."

Lila hakucheka. Aliomba aachiwe koti mpaka jioni. Alifumua nyuzi ndani ya upindo, mahali pasipoonekana, akazisuka juu ya tundu, moja chini, moja juu, akiziminya kwa ukucha zikae. Balwinder alikuja mara mbili kuchungulia, akarudi kwenye pasi yake.

Mwishowe alilichukua koti hadi mlangoni, penye mwanga, akapapasa kwa kidole gumba. Alama ilionekana kwa ajuaye pa kutazama. Yeye alijua. Alilitundika pamoja na nguo zilizokwisha, kisha akamwekea Lila suruali mapajani.

"Tundu hili la sigara," alisema. "Hapa kata."

Lila alitafuta ukingo kwa kidole. Ulikuwa mgumu, mweusi. Akachukua mkasi.

Nyuma ya duka likapita gari la kwenda stesheni ya Victoria, vioo vikatetemeka. Lila aliweka mkasi chini, akaifunika suruali kwa viganja vyote viwili, isirukiwe na cheche, mpaka lilipokwisha kupita.