Breki Inayolia

Niseme mapema kwamba breki ya diski ni kitu kizuri. Nilisema hivyo siku niliyoinunua ile pikipiki Karatu, na leo nasema hivyo hivyo, ingawa asubuhi ile ningepata nyundo ningeipondaponda.

Huku juu kwetu Ngorongoro, mwezi wa saba ukiingia, baridi haina adabu. Ng'ombe wanaamka na umande mgongoni, na pikipiki inaamka vibaya kuliko ng'ombe. Mkono wa breki unakuwa mzito kwa sababu oili imepoa kwenye mpira wake. Diski nayo imelowa. Ukibonyeza mara ya kwanza inasita, kisha inalia kiiiii, na majirani wote wanajua Mama Supeet anakwenda mnadani. Ndivyo wanavyoniita, kwa jina la mwanangu. Ukiendelea kubonyezabonyeza hadi ipate joto, inatulia na kushika vizuri. Hayo nilikwisha kuyazoea. Mimi ni binti wa kule Endabash, nimeolewa huku pamoja na baridi yake, na pikipiki ni yangu mwenyewe, ya kubebea vitunguu.

Asubuhi hiyo haikuwa ya vitunguu. Madaktari wa macho walikuwa wamepiga kambi kule chini, Sale, na ilikuwa siku yao ya mwisho. Mama mkwe wangu, Nanyokie, ana mtoto wa jicho macho yote mawili. Anamimina chai nje ya kikombe na kusema kikombe ndicho kilichohama. Tangu masika nilikuwa namsihi akatibiwe, naye anakataa. Kupanda gari kunamtapisha. Kupasuliwa ni kung'olewa jicho. Jana yake jioni, nilipokwisha kukata tamaa na kwenda kukamua, alimwambia mwanawe, mume wangu, kwamba atakwenda, ila kwa pikipiki yangu, na niendeshe mimi, si mtu mwingine.

Kulipopambazuka alikuwa ameshakaa mlangoni, amevaa shanga zake za sherehe. Nikawasha pikipiki, nikaishusha kidogo kwenye kiteremko cha kuelekea zizini ili niijaribu. Nikabonyeza breki ya mbele. Haikushika. Hata kulia haikulia. Kilichonisimamisha ni uzio wa miiba.

Ilibaki breki ya mguu, ya nyuma. Lakini kushuka mteremko wa Sale kwa hiyo peke yake, na mama wa watu mgongoni, ni kumjaribu Mungu.

Nikampigia simu Martini, fundi wangu wa Karatu. Sauti yake ilitoka chini ya blanketi.

"Ni baridi tu hiyo, mama. Bonyezabonyeza."

"Nimebonyeza mpaka vidole vimekufa ganzi."

"Basi imeingia upepo. Toa upepo."

"Martini, ingekuwa upepo, mkono wa breki ungelegea. Huu ni mgumu kama jiwe, na gurudumu linapita."

"Huko kwenu baridi ina mambo yake," akasema. "Subira, mama. Toa upepo."

Nikatafuta spana, nikapiga magoti kwenye umande, nikatoa upepo. Ikatoka oili safi, bila hata povu moja. Nikakaza, nikajaribu tena, nikarudi miibani. Sketi ikachanika.

Hapo ndipo mume wangu Tobiko alipotokea, kajifunika blanketi mpaka masikioni, akasimama kando kama mkaguzi.

"Oili imeganda," akasema.

"Oili ya breki haigandi kwa baridi hii."

"Mafuta yote yanaganda. Tuiwekee moto chini."

"Chini ya tangi la petroli, Tobiko?"

Akafikiri kidogo. "Hasira hasara," akaniambia. Hiyo ni methali ya watu wenye blanketi.

Jua lilikuwa linapanda. Kila nilipopita mlangoni, Nanyokie aligeuza uso kufuata mlio wa viatu vyangu.

"Tunakwenda?"

"Tunakwenda, Yeyo," nikamjibu, yaani mama kwa lugha yao.

Nilipopita tena hakuuliza. Alikuwa amepeleka mkono shingoni, anatafuta kifundo cha shanga.

"Labda Mungu amekataa," akasema. "Ngoja nivue."

Namjua yule mama. Shanga zile zikivuliwa leo, hazitavaliwa tena kwa ajili ya daktari, na mwakani nitakuwa namshika mkono kumpeleka chooni.

"Usivue," nikamwambia, kwa sauti ambayo mkwe hatakiwi kuisikia. Nikarudi kwenye pikipiki, nikakaa chini kabisa, nikaitazama diski kama mtu anayetaka kupigana nayo.

Ilikuwa na weupe. Nilikuwa nimeuona tangu mwanzo, nikadhani ni umande ulioganda, nikaendelea kuhangaika na oili. Sasa nikaupitishia kidole. Haukuyeyuka kuwa maji. Uliteleza. Nikanusa, nikaikumbuka siku ya harusi yangu, nilipopakwa na mimi.

"Nani ameipaka pikipiki mafuta ya kondoo?"

Tobiko akawageukia ng'ombe kana kwamba amewasikia wakimwita.

"Mimi," akasema Nanyokie, kwa sauti ya mtu anayesubiri ahsante. "Kile chuma cha duara kinalia kila asubuhi. Kinalala nje kwenye baridi, uchi, hakina hata ngozi. Jana nilipokubali kwenda nikakitafuta kwa mkono, nikakipaka vizuri, pande zote. Anayenibeba asibarikiwe?"

Nilikuwa na maneno mengi, na yote yalikuwa ya haki. Nimepigwa na miiba, nimechana sketi, nimemtukana Martini moyoni, na kumbe kosa lilikuwa limekaa mlangoni limevaa shanga. Nikafungua mdomo. Halafu nikamwona kichwani mwangu, jana jioni, mama asiyeona, anapapasa pikipiki kwenye baridi kutafuta kile kinacholia. Kwao msafiri hupakwa mafuta abarikiwe. Mafuta yale ndiyo yalikuwa kukubali kwake. Hasira haikuisha, ila ilikosa mtu wa kumwendea.

"Umefanya vizuri, Yeyo," nikasema. "Sasa baraka imeshaingia, naomba niioshe."

Nikafungua pedi, vile vibao vinavyoibana diski, nikaziweka kwenye makaa ya jikoni. Zikatoa moshi wa nyama choma, Tobiko akasogea. Nikampa kazi ya kupepea. Diski nikaisugua kwa maji ya moto na sabuni ya unga, nikasuuza, nikasugua tena. Pedi zilipopoa nikazisaga juu ya jiwe bapa mpaka zikawa na uso mpya, nikazirudisha. Nikapanda, nikashuka kiteremko, nikabonyeza. Ikateleza kidogo. Nikabonyeza tena, na tena.

Kiiiii.

Nikasimama mbali na miiba. Nilitaka kulia.

"Kinalia tena," akasema Nanyokie kwa masikitiko.

"Ndiyo, Yeyo. Kikilia, ndiyo kinashika. Usikionee huruma."

Tobiko akampandisha, akamfunga shuka vizuri, nami nikahisi mikono ya Nanyokie ikinizunguka tumboni. Tukaanza kushuka polepole, katikati ya ukungu, na baridi ilikuwa bado haijaiachia diski, kwa hiyo kila kona ililia. Kila ilipolia, niliisikia sauti ndogo mgongoni kwangu: "Pole. Pole, mama." Alikuwa anaipa pole pikipiki.

Karibu na mwisho wa mteremko akanigusa bega. Nikapunguza mwendo nimsikilize.

"Mama Supeet. Daktari akinishika, nitalia."

"Najua, Yeyo."

"Usinionee huruma. Usinirudishe nyumbani."

"Sitakurudisha."

Kona ya mwisho ikafika. Nikabonyeza breki, ikalia kwa nguvu, na safari hii hakuipa pole. Alinikumbatia tu.