Njia ya Fisi Shambani kwa Tryphosa

Tryphosa alikuwa ameinama akichuma maua ya pareto, Machogu akamwita kutoka ng'ambo ya kijito. Hakumsalimu. Alisema tu, "Mama Marion, fisi wako wamekula kondoo wangu."

"Fisi wangu? Nimewafuga lini?"

Ilikuwa Machi 1973. Fisi walikuwa wametoweka katika mlima wa Manga tangu Tryphosa alipokuwa bibi harusi, kwa sababu watu walitia sumu kwenye mizoga mpaka wakaisha. Sasa walikuwa wamerudi, watatu au wanne. Mchana walilala mapangoni, na giza likiingia walishuka hadi machinjioni kando ya soko kula mabaki. Walipita katika ukanda mwembamba wa pori uliofuata kijito. Wapimaji walipogawa ardhi, kila mtu alifyeka kwake akapanda chai na mikaratusi, ila kandokando ya kijito palikuwa na mawe na matope, basi pori likabaki. Lilipita katika mashamba matatu: la Machogu juu, la Tryphosa katikati, la Obwocha chini.

Tryphosa, mjane wa miaka hamsini na kitu, alimpeleka Machogu matopeni akamwonyesha nyayo. "Tazama. Wanashuka hivi, wanapanda hivi. Hawageuki kushoto wala kulia. Kondoo wako alilala wapi?"

"Nje."

"Nje wapi?"

Machogu alikohoa. "Nilimfunga hapo karibu na kijito, kwenye majani mazuri."

"Kwa hiyo umemwekea fisi chakula njiani, halafu unakuja kunigombeza mimi! Mlaze mnyama ndani, Machogu."

Machogu akasema dawa ni kufyeka pori lote. Tryphosa akamwambia kwamba likifyekwa, fisi wataendelea kuona njaa vilevile, ila sasa watapita nyuani mwa watu. Neno hilo alilisema siku hiyo, akalisema Jumamosi nje ya kanisa la Wasabato, akamwambia na Obwocha. Wote wawili walimsikiliza kama watu wanaongoja mvua ikatike.

Akaamua kwenda ofisini, Kisii mjini. Mara ya kwanza afisa wa wanyamapori alikuwa safarini. Mara ya pili karani alimtuma kwa watu wa kilimo, watu wa kilimo wakamrudisha kwa karani, na karani alikuwa amekwenda kula. Mara ya tatu alimpata afisa mwenyewe, kijana mpole aliyeitwa Thadeus.

"Andika barua, mama," Thadeus alisema.

"Mimi niko hapa mbele yako. Barua itakwambia nini ambacho mimi siwezi kukwambia?"

"Ni kweli, lakini lazima kitu kiwe kwenye faili."

Tryphosa akaandika, kalamu ikitoboa karatasi kwa hasira. Aliporudi nyumbani alasiri hiyo, alisikia mapanga kabla hajafika kijitoni. Machogu na Obwocha walikuwa wamefyeka sehemu zao zote, na moshi wa vichaka ulikuwa ukipanda.

"Lako tumekuachia," Machogu alimwambia, kama anayempa zawadi.

Haikupita wiki mbili. Fisi wawili waliokuwa wakirudi kutoka sokoni walikawia, wakakuta njia ya mlimani ni uwanja mtupu na watu wameshaamka. Wakajificha kwenye kipande cha Tryphosa, kilichokuwa kikubwa kama kiwanja cha kanisa, wakakaa humo. Chemchemi ya maji ilikuwa humo humo. Esnah, mke wa Machogu, alikwenda kuchota akakutana na fisi uso kwa uso. Akautupa mtungi na kukimbia mpaka nyumbani bila kilemba. Tangu hapo wanawake walifuata maji mbali, saa nzima kwenda na kurudi. Obwocha akapoteza mbuzi. Ndama wa Machogu akaliwa hatua tano kutoka jikoni.

"Si tulikwambia pori lako ni baya?" Machogu alisema.

Tryphosa aliingia ndani. Akaosha sufuria ambazo zilikuwa safi.

Thadeus alifika mwezi wa sita, na bunduki, na askari mmoja, na barua ya Tryphosa mkononi. Alitembea kijito chote mchana kutwa akisoma nyayo. Jioni aliwakusanya watu kwa Machogu.

"Hawa wanyama mmewakatia njia," alisema. "Kwa siku tatu, jioni mtu asipite upande wa juu, mbwa wafungwe, wala msiwashe moto huko. Wataondoka wenyewe. Mifugo ilale ndani. Na pori mliache lirudi, hatua kumi kila upande wa kijito. Likiwa zima, watapita bila kuwagusa."

Machogu aliinamisha kichwa kwa heshima. "Bwana afisa amesema kweli kabisa."

"Kweli tupu," Obwocha akaitikia.

Tryphosa alisimama. "Na mimi nilisema nini mwezi wa tatu?"

Machogu akajikuna shingo. "Wewe ulisema kwa hasira, Mama Marion."

Asubuhi ya tatu nyayo zilionekana zikipanda mlimani, na wanawake wakarudi chemchemini kwa woga. Watu wakaunda kamati ya kurudisha pori. Mwenyekiti akawa Machogu, mweka kumbukumbu Obwocha. Tryphosa aliombwa apike chai ya mkutano wa kwanza.

Hakukataa wala hakukubali. Siku ya mkutano ilipofika alifunga mlango akaenda Nyanchwa kumtembelea binti yake Marion, mwalimu wa huko, akakaa siku nne akila ndizi na kulala mchana.

Siku ya tano Machogu alimfuata huko kwa miguu, viatu vikiwa na vumbi. Kamati ilikuwa imekaa mara mbili bila kuafikiana pori lilipita wapi kabla ya kufyekwa. Obwocha alitaka mpaka usogezwe hadi kwa jirani.

"Twende utuonyeshe," Machogu aliomba. "Tafadhali, mama."

Tryphosa alimtazama mikononi. "Umekuja na panga?"

"La."

"Vizuri. Nenda ukachonge vigingi sitini vya mpaka wa pori. Jumapili nitavipigilia mwenyewe, na wewe utabeba."