Pipa la Manjano la Mapokezi

Gari la wagonjwa lilipofika kutoka hospitali ndogo, Mama Dekio aliisogeza ndoo yake hadi mwisho wa korido na kungoja. Wafagiaji hawakuruhusiwa kusikia siri za wagonjwa. Makabidhiano yalifanyika mlangoni, watu wamesimama wima, kwa sababu machela ilitakiwa irudi na dereva hakuwa na tabia ya kuzima injini. Daktari wa zamu alitia saini kwanza, kisha nesi wa gari ndipo alipoanza kueleza mgonjwa ana nini.

"Endelea tu, nakusikiliza," daktari alisema, macho kwenye simu.

Maneno yasipopata wa kuyapokea huanguka, na ya mlango ule yalianguka kila siku. Yalikuwa na ukubwa wa maharage, na ya moto kidogo. Tarakimu za shinikizo la damu zilibiringika hadi chini ya kabati. Majina ya dawa yalikuwa mazito. Moja lilishapasua kigae. "Tafadhali" ilipeperushwa na feni. Ukiliokota neno na kulisogeza sikioni, lilijisema lenyewe kwa sauti ya nesi wa gari, pamoja na uchovu wake wote.

Mwanzoni Mama Dekio aliyazoa na kuyapeleka wodini.

"Daktari, hili ni la mzee wa kitanda cha sita. Linasema amebakiwa na figo moja."

"Mama, wewe dekio, mimi dawa. Tusiingiliane."

Wodi nzima ikacheka, hata mzee wa figo moja. Tangu siku hiyo Mama Dekio aliyamwaga jalalani pamoja na pamba zilizotumika. Mdomo wa mfagiaji katika hospitali ile ulikuwa na uzito wa "tafadhali".

Kisha mbeba machela mmoja akateleza juu ya "ana kisukari" na kuteguka kifundo cha mguu. Hapo ndipo Kamati ya Kuboresha Usalama wa Rufaa, iliyokuwa imelala usingizi wa chatu aliyeshiba, ilipozinduka. Wajumbe wake, watu ambao hawajawahi kusukuma machela hata hatua tatu, walijifungia hotelini siku nne, wakarudi na fulana zilizoandikwa "Rufaa Salama ni Wewe na Mimi" pamoja na suluhisho. Suluhisho lilikuwa pipa la manjano, lenye mdomo mpana na kifuniko cha kukanyagia, na mbele yake mstari mweupe wa kumwonyesha nesi mahali pa kusimama. Angesimama hapo na kuongea, maneno yangetumbukia moja kwa moja, na kifuniko kingejifunga kwa kitasa. Ufunguo alikaa nao mwenyekiti. Kila Ijumaa yangechomwa moto, maana taarifa za mgonjwa ni siri.

"Kuanzia leo," mwenyekiti alisema akikata utepe, "hakuna taarifa ya mgonjwa itakayozagaa sakafuni."

Walipiga makofi. Daktari wa zamu ndiye aliyepiga kwa nguvu zaidi. Alikuwa ameiweka simu mfukoni ili apigwe picha.

Jumanne iliyofuata, saa tano asubuhi, Mama Dekio alishuka kutoka ghorofani na kumkuta wifi yake, mke wa mdogo wake, amelazwa wodi ya mifupa. Alikuwa ameanguka ngazini na kuvunjika paja. Mume alikuwa bado njiani, kwa kuwa gari la wagonjwa halipakii ndugu. Wifi alitabasamu bila kufungua macho. Ulimi wake ulikuwa mzito.

"Kule wamekupa nini, wifi?"

"Wame... wameniambia yote yatasemwa."

Usingizi ule haukumpendeza Mama Dekio. Wifi huyu alikuwa mtu wa kuongea hata akiwa na homa. Alikwenda mapokezi, akachomeka mpini wa dekio chini ya kifuniko cha pipa na kuushindilia mpaka kitasa kikakatika. Akachambua. "Paja la kushoto." "Hana mzio." Chini kabisa, kwa sababu lilikuwa zito, akalipata alilolitafuta, akakimbia nalo hadi mezani kwa daktari.

Lilijisema mbele ya watu wote: "Ameshachomwa sindano kali ya maumivu saa nne. Asiongezewe kabla ya saa nane, atashindwa kupumua."

Daktari alilitazama. "Limetoka wapi hili?"

"Pipani."

"Umevunja pipa?"

"Daktari, zuia sindano kwanza, pipa nitalilipa!"

"Kwenye barua ya rufaa hakuna kitu hicho," alisema daktari, naye alisema kweli. Barua iliandikwa: "Mpokeeni kwa matibabu zaidi." Akamwita mlinzi. Mlinzi akamshika Mama Dekio mkono na kuanza kumuuliza majina yake matatu. Huko wodini nesi alikuwa anafuata alichoandikiwa, na nesi yule hakuwa mvivu.

Saa sita na nusu wifi aliacha kupumua.

Wahenga walisema sikio la kufa halisikii dawa. Masikio yote ya jengo lile yalikuwa mazima, na bado yapo, mawili mawili kwa kila mjumbe. Kamati ilikaa Jumatano ikaona kwamba taarifa ilitolewa kamili, na mtu sahihi, juu ya mstari, ikaingia pipani bila kudondoka hata silabi. Mfumo haukuwa na kasoro. Hasara pekee ilikuwa kitasa. Mama Dekio aliandikiwa barua ya onyo, na ikaazimiwa linunuliwe pipa la pili kwa ajili ya wodi ya watoto.

Mdogo wake alimkuta nje ya chumba cha maiti, amekaa kwenye benchi, barua ya onyo mapajani. Alikuwa ameshika viatu vya mkewe, maana alikabidhiwa hivyo tu.

"Dada, niambie ukweli. Hawakujua?"

"Waliambiwa," alisema Mama Dekio.